Mama Ilham jina lake nani?

Meseji iliingia kama saa mbili usiku kwenye grupu la projekti ya utafiti, grupu lenyewe lilikuwa limeshalala miezi mingi, tulishatawanyika kila mtu na mishe zake. Karani wa data ndo kaandika: "Jamani habari za siku, eti Mama Ilham jina lake kamili nani? Wanataka kuweka shukrani." Mi niko jikoni naosha vyombo, simu nimeiegemeza kwenye dumu la maji, nasoma meseji inayoniulizia mimi, kwenye grupu ambalo mimi nimo. Mmoja akajibu "yule sista wa leba?" Mwingine akaweka emoji ya kushika kidevu.

Miaka miwili na ushee nimefanya kazi na hawa watu. Tumekula wali maharage sahani moja, tumechangiana misiba, harusi ya huyo huyo karani nilitoa mchango na kadi ninayo. Ila hakuna aliyejua naitwa nani, maana wodini mimi ni sista, na kwa walionizoea mimi ni Mama Ilham, basi, hayo ndo majina yangu mawili ya kazini na moja ni la mwanangu. Nikafuta mikono nikaandika majina yangu matatu kwa herufi kubwa ili wasikosee. Karani akanirushia dole gumba.

Pepa, yani andiko la utafiti wetu, ilivyotoka jaridani nikaifungua nikashuka moja kwa moja mpaka chini kwenye shukrani. Wameshukuru wafadhili, wameshukuru uongozi wa mkoa, wameshukuru "wauguzi wote wa wodi ya wazazi". Yani waliuliza, nikawajibu, na bado.

Msinipe pole kwanza, maana hii post sio ya kulia. Ni miaka imepita, nimerudi shule nikasoma masta ya afya ya jamii kwa kuunga unga huku napiga zamu za usiku, na huko ndo nikagundua kuwa hili suala la nani anaandikwa kwenye tafiti za tiba lina watu wamelihesabu kwa miaka na miaka, lina namba kabisa. Nikazisoma namba zote nikaona kuna kitu hazisemi, na hicho ndo nataka kuongelea.

Ngoja kwanza niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa.

Utafiti ulikuwa wa malaria kwa wajawazito na uzito wa watoto wanaozaliwa. Kwa maneno unasikika mwepesi. Kwa vitendo ni hivi, mama akijifungua mtoto apimwe ndani ya saa moja kwa mizani ya projekti sio ya wodi, kondo la nyuma litolewe damu kabla haijaganda, kichupa kiandikwe namba, fomu ijazwe, sampuli iingie kwenye kibaridi, asubuhi bodaboda aipitie. Na watoto hawazaliwi saa za ofisi jamani. Wanazaliwa saa tisa usiku, umeme umekatika, manesi mko wawili, kina mama watatu wanasukuma kwa mpigo, na wewe unapapasa mfukoni unatafuta kalamu ya kuandikia kwenye kichupa.

Miezi ya mwanzo watu walikuwa wanakataa sana. Na sio wazazi wenyewe, ni mama zao na mama wakwe, wale wanaokaa nje kwenye benchi na kanga na chupa ya uji wanasubiri wapewe kondo wakalizike. Kondo kwetu sio takataka. Sasa unatoka ndani umevaa glavu, nyuma yako kuna kijana kashika kiboksi, unamwambia bibi wa watu unataka kutoa damu kwenye kondo la mjukuu wake, unategemea atawaza nini? Daktari wa projekti kila mkutano analalamika "uelewa wa jamii uko chini". Mi nikamwambia dokta, shida sio uelewa, shida ni mnamuuliza nani na mnamuuliza saa ngapi. Tukabadilisha. Nikawa natoka nje mapema, uchungu wa mama ukiwa bado mchanga, nachuchumaa mbele ya bibi, shikamoo bibi, za toka asubuhi, tunaongea ya kwetu, ndo namwambia kondo mtapewa lote kama lilivyo, sisi tunachota damu kidogo tu, na ukitaka uingie uone kwa macho yako. Wengine waliingia kweli. Mmoja alinishikia tochi! Baada ya hapo kukataa kukawa ni nadra kabisa.

Na hiyo habari kwenye pepa imo. Ipo sentensi moja sehemu ya mbinu, inasema ridhaa ilitafutwa kwa kuzingatia mila za eneo husika. "Ilitafutwa." Nani aliitafuta? Ile kauli ya kutendwa tuliyofundishwa darasa la tano kumbe kazi yake ni hii, kitu kinafanyika na hakuna aliyekifanya. Mizani nayo hivyo hivyo, mimi ndo niligundua inazidisha gramu ikiwekwa kwenye ile meza iliyopinda, tukatafuta kipande cha ubao, na pepa inasema "mizani ilihakikiwa".

Haya, tuje kwenye majina. Kwa wasio watu wa haya mambo, pepa ya tiba ina mlolongo wa waandishi na kila nafasi ina maana yake. Wa kwanza ni yule aliyefanya kazi kubwa na kuandika. Wa mwisho ni mkubwa, mwenye maabara, mwenye granti yani pesa za utafiti, yule ambaye kuku akichinjwa finyango nzuri inaenda kwake. Waliopo katikati wapo katikati. Na hii sio mapambo, kupandishwa cheo chuoni wanahesabu pepa, granti wanaangalia pepa, kuitwa konferensi ni pepa. Jina ni mtaji.

Mwaka 2006 kuna daktari anaitwa Reshma Jagsi na wenzake walitoa kazi kwenye New England Journal of Medicine, walichukua majarida makubwa sita wakahesabu waandishi ambao ni madaktari wa Marekani, kuanzia 1970 mpaka 2004. Mwaka 1970 wanawake waandishi wa kwanza walikuwa asilimia 5.9. Mwaka 2004 wakawa 29.3. Waandishi wa mwisho, wale wa finyango, walitoka 3.7 wakafika 19.3. Ukiingia ndani zaidi ndo utacheka, jarida la upasuaji peke yake lilitoka asilimia 2.3 likafika 16.7 kwa waandishi wa kwanza, na kwa wa mwisho 2004 bado lilikuwa 6.7. Jarida la uzazi na magonjwa ya wanawake, yani kitu ambacho kila mgonjwa wake ni mwanamke, waandishi wa kwanza wanawake 2004 ni asilimia 40.7. Na huko ndo wamejitahidi.

Watu wakasema ah, ni suala la muda, mabinti wako wengi vyuoni siku hizi, subirini wakue pengo litajifunga lenyewe. Mwaka 2016 jarida la tiba la BMJ wakatoa hesabu nyingine, majarida sita makubwa ya tiba, 1994 mpaka 2014, wanawake waandishi wa kwanza walitoka asilimia 27 wakafika 37. Sawa, imepanda. Ila wanasema miaka ya mwisho mwisho, kama kuanzia 2009, mstari ulinyooka, haupandi tena. Kwa hiyo hao mabinti waliotakiwa kukua, wamekua, wamefika mlangoni, na wapo hapo hapo.

(Na msisahau sekta yenyewe ni ya nani. Shirika la Afya Duniani 2019 walisema wafanyakazi wa afya na ustawi wa jamii duniani ni wanawake kama asilimia 70, na kwenye nafasi za uongozi wanawake ni kama asilimia 25. Mi sikuhitaji ripoti, ningewaambia waje waangalie foleni ya kantini yetu halafu waende wakaangalie parking ya ma-V8.)

Kitu kingine kilichonichekesha wakati nasoma haya. Sisi kwa Kiswahili hatuna "he" wala "she", tunasema "mtafiti amesema", "daktari amegundua", na umeenda zako. Unaweza kusikiliza taarifa ya habari mwaka mzima usijue kama waliogundua ni kina baba au kina mama. Kuna siku nikakaa na mafaili yote ya PDF kwenye laptopu yangu nikataka nihesabu mwenyewe, nikashindwa, kwa sababu majarida ya zamani yanaandika herufi tu, J., M., A., na hayo mapya yana majina kama Amani, Furaha, Tumaini, Faraja, sasa Tumaini ni kaka au dada? Wanaofanya hizi hesabu kwa kompyuta wanatumia programu inayokisia jinsia kutokana na jina la kwanza, kwa John na Mary inapatia, kwa majina yetu na ya Wachina inababaika, na wengi wakishababaikiwa wanaondolewa kwenye hesabu. Yani hata kwenye utafiti wa wanaosahaulika, sisi tunasahauliwa.

Na mambo ya ubini. Sisi wa pwani hapo tumepona, mwanamke hata akiolewa mara nne anabaki binti wa baba yake, jina halibadiliki. Lakini rafiki yangu mmoja wa Kilimanjaro alitoa pepa mbili akiwa na jina la kwao, akaolewa, akatoa tatu kwa jina la mume, sasa ukimtafuta mtandaoni ni watu wawili, mmoja alianza vizuri akapotea, mwingine katokea ghafla. Kuna kile kitambulisho cha watafiti cha ORCID, kipo tangu 2012, tarakimu 16 zinakufuata popote hata ukibadili jina, ni bure na kujiandikisha ni dakika chache tu. Nendeni mkachukue. Mi sina hisa nao.

Sasa kwanini pengo lipo? Huwa nasikia ile hoja ya "wanawake hawajiamini". Ipo BMJ ya 2019 walipitia mamilioni ya pepa wakatafuta maneno ya kujisifia, mpya, ya kipekee, bora kabisa, wakakuta pepa ambazo wa kwanza na wa mwisho wote ni wanawake zinajisifia pungufu kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na zenye mwanaume kwenye moja ya nafasi hizo, na kwenye majarida makubwa tofauti inafika asilimia 21. Na wanaojisifia ndo wanaonukuliwa zaidi baadaye. Mi hapa sikushangaa hata kidogo. Mtoto wa kike kwetu akijisifia anaambiwa ana mdomo, wa kiume akijisifia anaambiwa huyu atakuwa mbunge.

Ila hiyo ya kutojiamini mi huwa siinunui yote, na sababu yangu ni Canada. Kule taasisi inayotoa pesa za utafiti wa afya iligawa granti zake mafungu mawili mwaka 2014, fungu moja wanapima zaidi wazo la utafiti, fungu la pili wanampima zaidi mtu mwenyewe kama ni mtafiti wa maana. Holly Witteman na wenzake wakaangalia matokeo wakayatoa kwenye jarida la Lancet 2019. Kwenye kupima wazo, kiwango cha wanawake kupewa pesa kilikuwa nyuma ya cha wanaume kwa pointi 0.9 tu za asilimia. Kwenye kupima mtu, pointi 4. Kazi zao zilikuwa sawa sawa tu kumbe, tatizo lilianza walipoangaliwa sura. Hapo kutojiamini kunaingiaje?

Alafu korona. Watu wote nyumbani, shule zimefungwa, watoto wanalia, na majarida yanamwaga pepa za korona kila siku. Wakahesabu, ikatoka kwenye jarida la eLife 2020, wanawake waandishi wa kwanza kwenye pepa za korona walikuwa pungufu kwa asilimia 19 ukilinganisha na pepa za majarida hayo hayo mwaka 2019. Nani alikuwa anapika ugali kwenye hizo nyumba hawakuandika ila tunajua.

Na sio kwamba wanawake hawajawahi kuandika vitu vikubwa, tena peke yao. Wakunga wenzangu, ile APGAR, zile alama za hali yake tunazompa mtoto mchanga dakika ya kwanza na ya tano, nusu ya darasa letu tulijua ni kifupisho, maana tulikariri kila herufi na neno lake. Kumbe ni mtu. Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa New York, alitaka kuwa mpasuaji mkubwa wake akamshauri aachane nako, akaenda kwenye usingizi, mwaka 1953 akachapisha pepa ya alama za mtoto mchanga, mwandishi mmoja, yeye. Kila leba duniani wanamtaja na hawajui kama wanamtaja mwanamke. Herufi zile watu walimtengenezea baadaye ili wanafunzi wakariri.

Kwashakoo je? Cicely Williams, daktari aliyekuwa Ghana enzi hizo inaitwa Gold Coast, mwaka 1933 akaandika kuhusu watoto wanaovimba kwa kulishwa uji wa mahindi mtupu, wakubwa wa London wakambishia wakasema hiyo ni pellagra, ugonjwa mwingine wa upungufu wa vitamini, akarudi 1935 kwenye Lancet akaipa jina alilolichukua kwa Waga wenyewe wa Accra, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa kwa sababu mdogo wake kaja. Nampenda sana huyu mama. Ila sasa hivi nikimsoma nafikiria na wale wanawake waliompa lile neno. Walishaujua ugonjwa, walishaujua na chanzo chake, jina lao walilolitunga wenyewe ndo lipo kwenye vitabu vyote, wao hawapo.

Nairobi pia tuna wa kujivunia. Elizabeth Ngugi alikuwa nesi. Nesi jamani! Alifanya kazi na wanawake wanaouza miili huko Pumwani, Majengo, kuhusu kondomu na elimu ya afya, na mwaka 1988 pepa ikatoka Lancet na jina la kwanza ni lake, na wanaume wenye majina makubwa wako nyuma yake kwenye foleni. Mwaka 2000 Ruth Nduati kwenye jarida la JAMA, ule utafiti wa Nairobi wa akina mama 425 wenye virusi vya ukimwi, wengine wakinyonyesha na wengine wakitumia maziwa ya kopo, wakaonyesha kwa namba maambukizi yanayopitia maziwa ya mama ni asilimia 16 hivi. Mwandishi wa kwanza mwanamke, wa mwisho mwanamke. Nikiwa na stress nazifungua hizi mbili naangalia tu ukurasa wa kwanza.

Sasa nirudi kwenye kile nilichosema namba hazisemi.

Pepa yetu ile, mwandishi wa kwanza ni mwanamke.

Alikuwa binti wa kizungu anafanya PhD, alikuja fildi mara mbili, wiki tatu tatu. Mtu mzuri, sitaki kumsema, alikuwa anachapa kazi, alijifunza kusalimia mabibi kwenye benchi mpaka wakawa wanamuulizia, na alivyoondoka mara ya pili tuliagana kwa machozi. Uchambuzi aliufanya yeye na kuandika aliandika yeye, kuwa wa kwanza ni haki yake. Ila ukiipeleka hiyo pepa kwa wanaohesabu kama wale wa BMJ, inaingia upande wa ushindi, mwanamke mmoja juu, pengo limepungua kidogo. Na waandishi wengine walikuwepo, wa kwetu walikuwemo watano, wote wanaume, daktari wa "uelewa wa jamii uko chini" yupo wa nne.

Kuna watu walipitia pepa za magonjwa ya kuambukiza zilizofanyiwa Afrika kuanzia 1980 mpaka 2016, ikatoka BMJ Global Health mwaka 2019. Waandishi wa kwanza Waafrika ni kama nusu, wa mwisho kama asilimia 41. Afrika yenyewe, wagonjwa wetu, mbu wetu. Sasa chukua hilo pengo la bara, lilaze juu ya lile pengo la wanawake, halafu tafuta nesi wa leba yuko wapi. Mi huwa naona kama watu wawili wanabeba kabati kwenye ngazi, kila mmoja anadhani mwenzake ndo anaangalia nyuma.

Na kosa halikufanyika kwenye jarida. Mhariri wa jarida huko alipo hakuniona wala hakunikata, aliletewa orodha imeshafungwa. Likatokea wapi? Nimekaa nimefikiria sana hili, na jibu langu ni la kijinga mpaka naona aibu kuliandika, lilitokea kwenye imeili. Kuna siku mtu mmoja alimaliza rasimu, akafungua imeili mpya, akaanza kuchapa majina ya wa kutumiwa. Aliyekuwa kwenye hiyo imeili ni mwandishi. Asiyekuwepo ni wauguzi wote wa wodi ya wazazi.

Maana sheria zenyewe ziko wazi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya kuitwa mwandishi, uwe umechangia kwa maana kwenye wazo au kwenye kupata data au kuzichambua, uwe umeandika au kuihariri rasimu kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika. Yote manne lazima. Wakubwa wengi wanaisoma hiyo wanasema ndo hivyo sista, wewe hukuandika, sharti la pili hujatimiza. Lakini ukiendelea kusoma wanasema pia kuwa kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye rasimu na kuidhinisha. Yani huwezi kumnyima mtu rasimu halafu ukamwambia hukugusa rasimu! Kilikuwa kimeandikwa siku zote na mi sikukijua, na waliokijua hawakukisema, na siamini kama walikaa kikao wakapanga. Ni mgao wa kazi tu ulivyozoeleka, dada atashika grupu la WhatsApp, atafuatilia fomu za ridhaa, atagawa posho na kukusanya saini, atakumbusha watu kikao, ataagiza vitafunwa, kaka atakaa na mtakwimu "aangalie data". Baada ya miaka miwili kaka ana majedwali, dada ana risiti.

Projekti ya pili niliyoingia, hii niliyopo sasa, sikusubiri. Kikao cha kwanza kabisa cha protokali, yani mpango wa utafiti, kabla hata ya kibali cha maadili, nikanyoosha mkono nikauliza, samahani, waandishi watakuwa nani na kila mmoja atafanya nini ili awe mwandishi? Kukawa kimya kile cha msibani. Dada mmoja mbele yangu akageuka akaniangalia kama nimetaja mshahara wa mtu. Mzee, yani mtafiti mkuu, mtu mzima wa karibu kustaafu, alivua miwani akaifuta akasema, "Hilo swali huwa tunaliacha mpaka mwisho." Nikamwambia ndiyo mzee, ndo maana nauliza mwanzo. Akacheka. Akasema haya liandikeni. Likaandikwa, karatasi moja, kila mtu na kazi yake na sehemu atakayoiandika, na wale wadada wawili wa fildi wamo kwa majina yao ya kwenye vyeti, nilihakikisha mwenyewe, hakuna mama fulani humo.

Haikuwa vita wala nini. Hilo ndo lilinikera zaidi baadaye, kwamba ingewezekana hata ile mara ya kwanza kwa kuuliza tu, na mtu wa kunifundisha kuuliza hakuwepo, maana kina dada waliotutangulia nao walikuwa wauguzi wote wa wodi ya wazazi. Daktari wa kiume wa mwaka wa pili wa spesho anachukuliwa na mkubwa wake wanakunywa kahawa, huko kwenye kahawa ndo anaambiwa dogo kaa kwenye uchambuzi utapata pepa. Mi saa za kahawa nilikuwa nakimbilia daladala nimuwahi Ilham kwa jirani.

Kwenye hii pepa mpya nipo wa nne kati ya tisa. Wa kwanza ni mwanaume na anastahili, kijana anajua takwimu kuliko sisi wote na kalamu anayo. Wa mwisho ni mzee. Wadada wa fildi ni wa tano na wa sita, na mmoja wao kwenye rasimu ameandika aya nzima ya namna ya kuongea na familia kabla ya kuchukua sampuli, nzuri kuliko ningeiandika mimi, nimebadilisha mkato mmoja tu nikaona aibu nikaurudisha. Hamna mtu aliyekuwa na neno "ilitafutwa" humo ndani.

Rasimu imerudi kwangu tangu juzi, toleo la saba, deadline kesho saa sita mchana, na jedwali la 3 jumla ya mkoa mmoja haiendani na jedwali la 1, tofauti ni watoto wawili. Watoto wawili hawapotei hivi hivi. Ilham kalala, umeme upo, naenda kuwatafuta.